Ulimi wa Mzee Okumu

Akinyi alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa naosha vyombo. Akasema, "Auntie, Mzee ametuacha," akalia kidogo, kisha, kwa kuwa mazishi ya Nairobi yana kazi nyingi kuliko machozi, akaniomba nimwandikie ukurasa mmoja wa kile kijitabu cha mazishi ya baba yake. Niandike juu ya mwaka ule wa gari moshi. "Ni wewe tu umebaki unajua hiyo story," alisema, na hilo ni kweli. Shiundu, aliyekuwa dereva wetu, alizikwa kwao Kakamega zamani. Mwenyekiti wetu alikuwa ameshamtangulia. Basi nikaandika. Ukurasa wa Akinyi ulinichukua dakika kumi: Mzee Okumu alikuwa mchapakazi, mcheshi, mwalimu wangu, mtu wa watu. Nikautuma kwa simu na Akinyi akashukuru sana. Haya yanayofuata hayamo katika kijitabu, na si kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikipanga chumba kimoja cha mabati Kabiro, upande wa Kawangware. Kila asubuhi nilitembea hadi Kibera, navuka barabara ya Ngong viatu mkononi kama mvua ilinyesha, kwenda kuwapikia wanaume tisa waliostaafu kazi ya reli lakini hawakukubali kwamba wamestaafu. Walikuwa wameunda chama, na chama kilikuwa kimekabidhiwa injini moja ya mvuke ya enzi za mkoloni, iliyotengenezewa ile reli yetu ya zamani, nyembamba, ya upana wa mita moja. Wenzake wote walikuwa wamekatwa wakauzwa vyuma, au wamewekwa mahali wakitazamwa na watoto wa shule. Huyu mmoja alikuwa bado anatembea. Jumapili moja kila mwezi alivuta mabehewa mawili ya wageni kutoka kwenye banda letu la injini, akapita Kibera katikati ya nyumba za watu, akapanda mlima kuelekea Dagoretti, akarudi. Wazee walimwita Shosho, yaani bibi kizee. Walimpaka rangi kabla ya kupaka nyumba zao, na mke wa mmoja wao aliwahi kuja bandani akiwa amefura, akauliza huyo Shosho wanamlipia mahari lini ili yeye ajue kwamba ana mke mwenza.

Jikoni kwangu kulikuwa ndani ya behewa la mizigo lililong'olewa magurudumu, likaegemezwa kwenye ukuta wa banda. Mbao zilikuwa zimeachana, kwa hiyo moshi wangu uliwaingia wao na maneno yao yakaniingia mimi. Hivyo ndivyo nilivyomsikia Mwenyekiti, juma langu la kwanza tu, akisema, "Huyu msichana ni wa chai. Msimzoeshe chuma." Mwenyekiti alikuwa karani maisha yake yote. Hakuwahi kushika grisi, lakini alivaa tai na alijua kuandika barua, na wanaume wanane wenye mikono iliyoungua walimwogopa. Mmoja tu ndiye aliyemjibu. "Chuma haiulizi nani ni msichana," alisema Mzee Okumu, kisha nikasikia akinywa chai kwa kelele, kama kawaida yake.

Okumu ndiye aliyekuwa fundi wa boila, lile pipa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke. Alikuwa mfupi, mpana, na alama za moto mikononi hadi kwenye viwiko. Baada ya chakula cha mchana aliniita juu kwa Shosho, akanionyesha kile kioo chembamba kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila, akanifundisha kuwasha moto wa mafuta mazito bila kuunguza nyusi, akanifunga macho kwa kitambaa nimwambie vali gani inavuja kwa kusikiliza tu. Wengine walicheka. "Mwende, leo utaivisha ugali ama utaivisha injini?" Shiundu aliniuliza kila siku, na kila siku alicheka mwenyewe upya. Sikujali. Nilitaka ile nafasi ya fayamani, mtu wa moto, anayesimama nyuma ya dereva injini ikienda. Niseme wazi, maana sasa ni mzee na sina wa kumwonea haya: sijawahi kumtaka mwanamume yeyote nilivyoitaka ile nafasi.

Lazima nieleze desturi moja, la sivyo mengine hayataeleweka. Boila ni tumbo. Ukilitia maji ya chumvi au machafu, yanachemka kwa povu, povu linaingia kwenye silinda ambamo mvuke peke yake ndio unaotakiwa, na kwa kuwa maji hayakubali kubanwa, chuma ndicho kinachopasuka. Kwa hiyo hakuna hata tone lililoingia kwenye tanki la Shosho kabla Mzee Okumu hajalionja. Alikuwa na kikombe cha bati. Aliyazungusha maji mdomoni, akatazama juu, akatema, akainua kidole. Kidole kikiinuka, tunajaza. Akitikisa kichwa, maji yanamwagwa hata kama yamesukumwa tangu asubuhi. Shiundu hakukubali kuondoa injini kama hakukiona kidole kile kwa macho yake. Ilisemekana Okumu angeweza kukuambia maji haya ni ya kisima cha Riruta na haya ni ya Kawangware, na nani amechotea debe lenye kutu.

Mwezi wa sita nilipika omena, wale dagaa wa ziwani, na nikakosea. Nilitia chumvi, nikaenda kumfukuza paka, nikarudi nikatia tena. Walikuwa wamekaa kwenye lile benchi refu, na Shiundu ndiye aliyetema wa kwanza. "Wewe! Unataka kutuua tuache pensheni?" Wote walisukuma sahani, wakaitisha maji, wakanitukana kwa lugha nne. Mzee Okumu aliendelea kula. Alimega ugali, akachovya mchuzi, akameza, akamega tena, huku anawauliza wanalialia nini kama wake wa kanisani. Nilidhani ananitetea. Kisha nikamtazama usoni na nikaona hakuna anachovumilia. Alipokuja kurudisha sahani aliniona namwangalia, akafunga mlango wa behewa nyuma yake.

"Ilianza na ile homa ya mwaka jana," alisema polepole. "Pua na ulimi. Vyote vilienda, havijarudi."

"Sasa maji unaonja aje, Mzee?"

"Naangalia rangi. Nasikia uzito. Nimefanya hii kazi miaka mingi, Mwende."

"Lakini huonji."

"Sionji." Akakaa kwenye gunia langu la makaa. "Mwenyekiti akijua, kesho yake mimi niko kwa basi ya Kisumu. Na wewe ukirudi hapa, unarudi kwa sufuria. Hakuna mwingine atakupandisha kwa hiyo injini. Nakuomba, nyathina."

Nyathina ni mwanangu, kwa Kijaluo. Nilimwambia sitasema, na nilikuwa namaanisha. Nikampelekea na chai, na nikaitia sukari vijiko vinne kama alivyopenda, ingawa sote wawili sasa tulijua kwamba ningeweza kutotia hata kimoja.

Barua ilikuja wakati wa kiangazi. Ofisi iliyotupa kibali ilitaka kuleta wakaguzi watatu: Shosho apande hadi Dagoretti na mabehewa yake na arudi bila kusimama njiani. Akishindwa, kibali kimekwisha na injini inauzwa chuma chakavu. Majuma hayo hayo bomba letu lilikuwa limekauka, na Kibera nzima ilikuwa inapanga foleni ya mitungi ya plastiki. Jioni moja niliwasikia wanabishana upande wa pili wa mbao. Okumu alikuwa amesema kwamba siku ya wakaguzi fayamani atakuwa Mwende, kwa sababu macho ya wengine yote yameisha na yeye mwenyewe hawezi kusoma kile kioo bila miwani. Mwenyekiti alipiga meza. Okumu hakurudi nyuma. Hatimaye Mwenyekiti akacheka kile kicheko chake cha ofisini na kusema, "Sawa. Si anataka kazi ya wanaume? Basi na maji ya kujaza tanki atafute yeye. Akikosa, asije hata kupika."

Nilipata maji. Kulikuwa na mwenye kisima karibu na kituo cha basi cha Kawangware 46 aliyekubali kuuza, na nilipata wenye mikokoteni. Kilichokosekana ni mitungi, kwa maana kila mtungi wa jiji ulikuwa kwenye foleni. Jirani yangu wa Kabiro, Mama Kioko, alikuwa akitengeneza sabuni ya maji nyumbani kwake, ile ya kijani yenye harufu ya ndimu, na nyuma ya chumba chake kulikuwa na mitungi mitupu imepangwa hadi kwenye paa. Alinikopesha yote. "Lakini usuuze mara tatu, umenisikia?" alisema. "Hii kitu haitoki na mara moja. Hata mimi inanishinda." Nilifika kisimani, nikaanza kusuuza, na nikaona maji ya kusuuzia mara tatu yatakula sehemu kubwa ya maji yenyewe niliyoruhusiwa kuchota, na mwenye kisima alikuwa amesimama hapo anahesabu kila mtungi. Wenye mikokoteni nao walikuwa wamechoka. "Madam, tunaenda ama tunalala hapa?" mmoja aliniuliza. Nilisuuza mara moja. Nilipoinamia mtungi wa mwisho nilisikia ndimu, kidogo tu. Nikajiambia tanki ni kubwa na sabuni ni kidogo.

Asubuhi ya wakaguzi nilivaa ovaroli niliyoshonewa kwa fundi wa Kawangware 56, ya kwanza maishani mwangu iliyokuwa na vipimo vyangu. Mitungi ilikuwa imepangwa kando ya tanki. Mzee Okumu alishuka na kikombe chake, na watu wote wakanyamaza kama ilivyokuwa desturi, hata wakaguzi, ambao walifurahi wakaulizana ni nini hicho. Alichota kwenye mtungi wa kwanza. Akazungusha mdomoni, akatazama juu, akatema. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba mitungi ile ilisuuzwa mara moja na pia kwamba ulimi ule ulikuwa umekufa, na mtu huyo alikuwa mimi. Ningeweza kukohoa tu. Ningeweza kusema, Mzee, onja na huu mwingine, na kwa uso wangu angeelewa. Nilikuwa nahesabu ngazi za kupanda kwa Shosho, zilikuwa nne. Okumu akainua kidole na nikapanda.

Kwa muda tulikwenda vizuri na nilikuwa na furaha ambayo bado naionea aibu. Kina mama wa Kibera walisogeza nyanya zao kutoka kwenye reli, tukapita, wakazirudisha. Mlima ulipoanza nilitazama kioo nikaona maji yanapanda na kushuka bila mpango, meupe. Nikamwita Shiundu. Kabla hajageuka, bomba la moshi lilitapika. Povu jeupe liliruka juu likaanguka kwenye paa, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vichwa vya watu waliokuja kutazama, na Kibera ikacheka. Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakicheka kwa pamoja. "Shosho anafua! Leteni nguo!" walipiga kelele, na mwanamke mmoja alikuja kweli na beseni, akalikinga. Shiundu alifunga mvuke lakini alikuwa amechelewa. Tulisikia pigo moja chini yetu, kisha la pili, kisha kifuniko cha silinda kilipasuka na kipande chake kikatoboa kibanda cha muuza samaki kikaangukia kwenye karai la mafuta. Mafuta yalimrukia mama huyo wa samaki, mkono wake wote wa kulia ukaungua. Alilia kwa jina la mama yake, na nyuma yake watu walikuwa bado wanacheka, maana wa nyuma hawakuona. Mkaguzi mmoja alishuka kutoka kwenye behewa, akafuta povu kwenye miwani, akaandika.

Alasiri hiyo hiyo tulikaa kwenye lile benchi refu. Mwenyekiti alisimama. Mbele yake aliweka ndoo ya maji yaliyobaki kwenye tanki na kikombe cha Okumu.

"Siri ya mtungi muulize kata," alisema. "Mwende, mitungi ulitoa wapi?"

"Kwa jirani."

"Ilikuwa na nini?"

"Sabuni ya maji. Lakini nilisuuza."

"Mara ngapi?"

Mzee Okumu alinitazama. Nilijua anachoogopa. Aliogopa nitasema juu ya ulimi.

"Mara tatu," nikasema.

Akashusha pumzi. Wengine wote walimgeukia. Shiundu, ambaye alikuwa amemfuata kwa miaka yote kwa ajili ya kidole kile, ndiye aliyeanza. "Jaduong, mzee wetu, uliinua kidole. Mimi nilikuona. Ulikuwa umekunywa?" Okumu akasema aliyaonja na yalikuwa safi. Alilisema mara mbili, na mara ya pili sauti ilikuwa ndogo. Mwenyekiti akachota kikombe kikajaa, juu kukiwa na mapovu. "Kama ni safi, kunywa. Yote. Tukuone." Ningesema sasa kwamba mtu fulani alipinga, lakini hakuna aliyepinga. Okumu alikunywa kile kikombe bila kukunja uso. Kwao ulikuwa ukaidi wa mlevi, wakaguna, wawili watatu wakacheka. Mwenyekiti akachota cha pili, naye akanywa hicho pia. Kisha wakapiga kura ya kumtoa kwenye chama kwa kuinua mikono, na Mwenyekiti akasema hata Mwende apige, kwa sababu yeye ni shahidi na amesema ukweli. Nikainua mkono.

Nilimkuta nyuma ya banda amepiga magoti, anatapika. Nilimshika mgongo. Alitapika povu na kisha nyongo na kisha hewa tu. Alipoweza kusema, aliushika mkono wangu na kunishukuru. "Ungesema tu juu ya ulimi ungekuwa umejiokoa kabisa," alisema. "Umenifichia aibu, nyathina. Mungu akuone." Wema wangu wote aliouona siku hiyo ulikuwa uongo wangu. Nilimletea maji ya kusukutua, niliyoomba kwenye mtungi wa jirani, safi.

Shosho alikatwa kwa gesi kabla ya mwaka kwisha. Okumu alikuja kila siku akakaa kwenye jiwe ng'ambo ya reli, akatazama. Watoto walimpa jina la Mzee Sabuni na lile jina halikumtoka tena. Watoto wa watoto hao walimwita hivyo bila kujua sababu. Mimi Mwenyekiti aliniandikia barua, "msichana mkweli na mwenye bidii," na kwa barua hiyo nikaajiriwa kuangalia boila za hoteli moja mjini, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nimelea watoto kwa kazi hiyo na nimejenga vyumba vya kupangisha hapa Kawangware. Kila Krismasi nilikwenda kwa Okumu Kibera. Kama kulikuwa na wageni aliwaambia, "Huyu mnayemwona alinifichia aibu yangu kubwa," bila kueleza aibu gani, nami nilikaa pale kwenye kochi lake nikala kuku wake.

Krismasi iliyopita alikuwa kitandani hainuki tena. Akinyi aliupokea mfuko wangu wa zawadi ya Krismasi, akanikaribisha ndani, akaenda nje kupika. Sijui kwa nini nilichagua siku hiyo. Labda nilidhani mtu anayekufa ni rahisi kuambiwa. Nilimwambia yote: mitungi, kisima, harufu ya ndimu, mara moja. 

"Mara moja," alisema.

"Mara moja, Mzee."

"Na ulikuwa umesimama hapo."

"Nilikuwa nimesimama hapo."

"Mimi kila siku namwomba Mungu anisamehe juu ya Shosho na ule mama wa samaki. Kila siku, Mwende. Asubuhi na jioni." Alitazama mabati. "Na ulinishika mgongo."

Nilisema naomba msamaha. Nadhani nililia. Hakunitukana, na kwa kweli nilikuwa nimekuja nikitumaini atanitukana. Aligeukia ukuta taratibu, kwanza bega, kisha kichwa, na akaniambia nimwitie Akinyi. Nikamwita, nikatoka, nikaanza kushuka na njia ya reli. Nilikuwa sijafika mbali niliposikia miguu inakimbia nyuma yangu. Alikuwa Akinyi, anahema, anatabasamu, ameubeba ule mfuko wangu, pakiti zote mbili za unga, sukari na majani ya chai, vyote kama nilivyovileta.

"Auntie," alisema, "Mzee anasema umesahau unga wako."

Nilimwambia asante, nikaupokea, nikaenda nao nyumbani.